Sura ya Nne: Mboga ya Dakika Tano

“Mbona mboga yangu haitoki kama ya mama lishe?” Kila anayejipikia ameshawahi kuuliza swali hili. Pale Makongolosi, mji mdogo wa wachimba dhahabu wilayani Chunya, linaulizwa zaidi na vijana waliokuja kutafuta maisha. Wamepanga chumba kimoja, wamenunua jiko la mkaa, sufuria mbili na mwiko. Ugali wanauweza. Maharage wanayaweza. Wakifika kwenye mchicha, mambo yanaharibika: unaingia sufuriani ukiwa wa kijani, unatoka umekuwa mweusi, umelala kwenye maji, na kitunguu saumu ama hakisikiki kabisa ama kimeungua na kuacha uchungu mdomoni.

Wengi wakiona hivyo huongeza viungo: nyanya, karoti, binzari, wengine unga wa kiungo cha paketi. Viungo havina kosa, ila havitibu ugonjwa huu. Mboga ya majani inaharibiwa na vitu viwili, maji na muda, na vyote viwili hudhibitiwa kabla jani halijagusa sufuria. Ukishajiandaa vizuri, moto wenyewe ni wa dakika tano, pengine tatu. Sura hii imetoa nafasi kubwa kwa maandalizi hayo, kwa sababu ndipo mboga inapofaulu au kufeli.

Jani lililosafiri

Makongolosi iko upande wa joto wa mkoa wa Mbeya. Ukitoka Mbeya mjini unapanda Kawetere, penye baridi na misonobari, kisha unateremka kuelekea Chunya. Misitu inageuka kuwa ya miombo, jua linakuwa kali, hewa inakuwa kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi. Wakati wa masika mchicha huota hata nyuma ya nyumba, na majani ya maboga na ya kunde hayanunuliwi na mwenye shamba. Kiangazi kikishika, bustani hubaki mabondeni na penye visima, na mboga nyingi za gengeni zinakuwa zimeshuka kutoka nyanda za baridi kandokando ya jiji la Mbeya.

Barabara imesaidia sana. Kipande cha lami cha Mbeya hadi Chunya, kilomita 72, kilizinduliwa mwaka 2019, na lami ikaendelea kilomita nyingine 39 hadi Makongolosi. Hata hivyo hizo ni kilomita 111 za jua na upepo juu ya gari, bado saa za kusubiri wateja mezani. Fungu la chainizi unalolinunua jioni huenda lilichumwa jana alfajiri.

Kwa nini hilo limhusu mpishi? Kwa sababu jani lililochumwa bado lina uhai. Linapumua, linapoteza maji, na linatumia akiba yake ya sukari bila kupata nyingine. Vitamini C, ambayo mwili unaihitaji kutunza fizi, kuponya vidonda na kunyonya madini ya chuma, hupungua kila saa inayopita, na joto linaharakisha upungufu huo. Jani lililochubuka au kunyauka hupoteza zaidi. Anayeishi Tukuyu anaweza kuchuma mboga saa kumi na moja jioni akaila saa moja usiku. Wa Makongolosi anapokea jani lililokwisha kutoa sehemu ya utajiri wake njiani, kwa hiyo asilimalizie kwa kulichemsha nusu saa.

Gengeni, usitazame majani ya juu. Wauzaji hunyunyizia maji ili mboga isinyauke, na wana haki, lakini maji hayo hulifanya fungu ling’ae juu wakati ndani limeshachoka. Ligeuze utazame mashina yalipokatwa. Shina la leo ni jeupe au kijani kibichi na lina unyevu. La juzi limekauka na kuwa la kahawia. Livunje kidogo kwa vidole: likivunjika kwa mlio, chukua, likijipinda bila kuvunjika, acha. Uliza pia. “Mama, hii imeshuka lini?” Ukiwa mteja wa kila siku utaambiwa ukweli, na mara nyingine utatolewa fungu lililofichwa chini ya meza kwenye gunia lenye unyevu.

Mboga iliyonyauka kidogo inaweza kuamshwa. Kata ncha za mashina, simamisha mboga kwenye ndoo yenye maji ya baridi kwa nusu saa. Majani yatanyanyuka. Vitamini iliyopotea hairudi, lakini jani lenye maji ndani yake linapikika haraka na kwa usawa kuliko lililolegea.

Kuosha kwanza, kukata baadaye

Majumbani mwetu mtindo uliozoeleka ni kukata mboga hadi iwe nyembamba, kisha kuiosha na kuikamua kwa mikono. Maji ya kijani yanayomwagwa pale ni chakula. Vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B huyeyuka kwenye maji, na jani lililokatwa limefunguliwa milango yote. Osha likiwa zima.

Mpangilio ninaoutetea ni huu:

- Chambua: toa majani ya njano, magugu na mashina magumu.
- Osha kwenye beseni lenye maji mengi, kisha nyanyua majani kutoka kwenye maji. Usimwage maji na majani pamoja, maana mchanga uliotulia chini utarudi juu yake. Rudia mpaka beseni libaki safi chini.
- Chuja kwenye chujio au ungo, kung’uta, na uache yakauke robo saa. Ukiwa na haraka, yafunge kwenye kitambaa safi na uyatikise.
- Kata mwishoni kabisa, mashina upande wake, majani upande wake.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayojibu swali la mwanzo wa sura. Sufuria yenye maji haiwezi kupata joto kuzidi la maji yanayochemka. Pwani hilo ni nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya mjini, ambako ni juu kwa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mafuta yaliyopata moto hupita hapo kwa mbali, na kwenye joto hilo kubwa ndiko inakozaliwa harufu ya kukaangwa. Ukitia majani yanayochuruzika, joto lote la jiko linageukia kazi ya kukausha maji, na kugeuza maji yaliyokwisha kuchemka kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka kuchemka. Jiko dogo la mkaa haliwezi mzigo huo. Mboga inakaa inachemkia maji yake yenyewe, dakika zinapita, kijani kinakwenda.

Mama lishe ana moto mkubwa, karai pana, na anapika mafungu machache kwa wakati mmoja. Wewe mwenye jiko dogo huna moto wake, lakini majani makavu na mafungu madogo unaweza kuwa navyo.

Kuhusu maji ya kuoshea, na hili ni la maeneo ya machimbo hasa: usioshee mboga wala kumwagilia bustani kwa maji ya mashimo wanakooshea mchanga wa dhahabu, hata yakionekana maangavu. Sababu nitaieleza mbele kidogo, kwenye habari za sufuria.

*Kwa ufupi: nunua kwa kutazama shina, osha jani likiwa zima, likaushe, kisha kata.*

Kitunguu saumu kinataka kusubiriwa

Kitunguu saumu kizima hakina harufu kali. Chukua punje moja uinuse bila kuimenya: karibu kimya. Iponde, na chumba kizima kitajua. Harufu hiyo haikuwemo. Imetengenezwa pale pale. Ndani ya punje kuna kemikali isiyo na harufu iliyotengwa kwenye vyumba vyake, na kwenye vyumba vingine kuna kimeng’enya, yaani kitu cha asili kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya viumbe hai. Kisu au mchi unapobomoa kuta za vyumba hivyo, vitu hivi viwili vinakutana na kuzaa alisini, kemikali yenye salfa inayowasha ulimi na kupanda puani. Kwa mmea wenyewe ni silaha dhidi ya wadudu na vijidudu. Kwetu sisi ni ladha.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hapo.

La kwanza, namna unavyokivunja huamua ukali wake. Punje iliyokatwa vipande vikubwa inatoa ladha ya upole; iliyotwangwa kinuni na chumvi kidogo inatoa ukali wote.

La pili, kimeng’enya kile kinakufa kwa joto. Ukiponda na kutupia kwenye mafuta ya moto papo hapo, kazi inakatizwa kabla haijaiva. Ponda, kisha acha dakika kumi hivi. Kwa hiyo kitunguu saumu kiwe kazi yako ya kwanza unapoingia jikoni: kiponde, kifunike, nenda kaoshe mboga. Ukimaliza kukata kitakuwa tayari.

La tatu, kinaungua upesi. Kina sukari nyingi, na vipande vikiwa vidogo kwenye mafuta yenye moto mkali havimalizi dakika moja kabla ya kuwa vya kahawia iliyokolea, na hapo uchungu umeshaingia kwenye mafuta. Uchungu huo hautolewi kwa chumvi wala limao. Kikiungua, mwaga mafuta, futa chombo, anza upya. Unapoteza vijiko viwili vya mafuta na unaokoa chakula cha watu watatu.

Kuhusu kipi ununue: sokoni kuna vya aina mbili kwa kawaida. Kuna vile vikubwa vyeupe, vinavyomenyeka kirahisi, ambavyo vingi vimetoka nje. China peke yake inazalisha karibu robo tatu ya kitunguu saumu cha dunia. Na kuna vyetu, vinavyolimwa Mbulu mkoani Manyara na pia kwenye nyanda za baridi za Mbeya na Iringa. Vyetu vina punje ndogo, ganda lake limeshika, na kuvimenya kunachosha. Nanunua vyetu kila vinapopatikana. Ukali wake umekolea, na punje tatu zinafanya kazi ya tano. Kuvimenya kuna njia: loweka punje kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, au zigandamize kwa ubapa wa kisu mpaka ganda lipasuke.

Chagua kichwa kigumu, kizito, kisicho na machipukizi. Kihifadhi penye hewa, kwenye kikapu au kining’inize. Mfuko wa plastiki hukikusanyia unyevu na kukiozesha. Usikiloweke kwenye mafuta ukakiacha chupani kwa siku kadhaa kama wengine wanavyofanya ili kurahisisha kazi. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna kijidudu cha udongoni kinachostawi pasipo hewa na kutengeneza sumu kali sana, isiyo na harufu. Kiponde siku ile ile ya kukitumia.

Sufuria, na onyo ambalo siwezi kuliruka

Chombo bora ni kipana na kizito: karai au kikaango cha chuma. Upana unaupa mvuke nafasi ya kutoka, uzito unatunza joto pale majani yanapoingia. Sufuria nyembamba yenye kina kirefu inafaa kwa wali na maharage. Kwa mboga za haraka inafungia mvuke chini.

Sasa onyo. Eneo la Lupa, ambamo Makongolosi imo, limechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, na hadi leo wachimbaji wadogo wanatumia zebaki. Ni metali nzito iliyo kimiminika, nayo hushikamana na chembe za dhahabu kwenye mchanga uliosagwa. Ule mchanganyiko unachomwa, zebaki inaruka kama mvuke, dhahabu inabaki. Mara nyingi uchomaji unafanyika nyumbani, kwenye jiko lile lile la kupikia, katika karai au kikaango kile kile.

Mvuke huo hauonekani na hauna harufu. Ukivutwa unaingia kwenye damu, unashambulia ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Unaobaki unatua kwenye kuta, kwenye vyombo, kwenye unga usiofunikwa. Zebaki inayomwagika na maji ya kuoshea inaingia kwenye udongo na kwenye mito, ndiyo maana nimesema juu ya maji ya mashimo. Dunia ina mkataba wa kupambana nayo, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na Tanzania ni mwanachama. Umepewa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua vibaya, na wengi wakafa, baada ya kula samaki waliokuwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda; ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Kwa hiyo, kama mnaishi wachimbaji wengi nyumba moja, semeni wazi. Zebaki isichomwe ndani, isichomwe jikoni, isichomwe penye watoto na wajawazito. Karai iliyowahi kuchomewa zebaki isirudi jikoni tena, hata isuguliwe kwa mchanga na sabuni. Ukinunua karai au kikaango kilichotumika, muulize muuzaji kilikuwa kinafanya kazi gani. Asipojibu vizuri, kiache.

Dakika tano zenyewe

Kwa watu watatu chukua mafungu mawili makubwa ya mchicha au chainizi, punje nne za kitunguu saumu (sita zikiwa ndogo), vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya alizeti, chumvi robo ya kijiko cha chai, na nusu ya limao. Kitunguu maji na nyanya ukipenda, ila kwanza jifunze bila wao. Ndipo utakapojua kitunguu saumu kinafanya nini.

Mkaa uwe umeshika wote, umekuwa mwekundu, na mlango wa jiko uwe wazi. Ugali uwe umeiva na kufunikwa, maana mboga hii haisubiri ugali.

Weka karai mpaka ipate moto, tia mafuta. Yakianza kutembea upesi ukiinamisha karai, sogeza karai pembeni mwa moto kidogo na utie nusu ya kitunguu saumu. Koroga. Sikiliza: kinatakiwa kilie taratibu, kisipige kelele. Ndani ya nusu dakika harufu yake itabadilika, ile ya kuchoma pua itapungua na nyingine yenye utamu itapanda. Kingo za vipande zikianza kupata rangi ya majani makavu, rudisha karai katikati ya moto na utie mashina mara moja, yapoze mafuta. Dakika moja.

Tia majani, nusu kwanza. Yatajaa mpaka kumwagika. Yageuze kutoka chini kuja juu, na kwa muda mfupi tu yatakuwa yamekaa. Tia nusu iliyobaki, geuza tena. Usifunike. Chumvi iingie sasa, baada ya mboga kunywea. Wengi wanatia chumvi wakati karai imejaa, wanakadiria kwa macho, na mlima ukishuka kuwa viganja viwili chumvi inabaki ile ile. Chumvi ya mapema pia inavuta maji kutoka kwenye jani, na tumeshakubaliana kuhusu maji.

Nusu dakika kabla ya kuepua, tia ile nusu ya pili ya kitunguu saumu, koroga, epua. Ya kwanza imeingia kwenye mafuta na kuwa tamu. Ya pili bado ina makali yake. Nimekula mboga za kitunguu saumu cha mwanzo peke yake na za mwisho peke yake, na zote zinakosa kitu. Limao likamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake.

Muda, tangu majani yaingie:

- Mchicha mchanga: dakika 2 hadi 3.
- Chainizi na spinachi: dakika 3.
- Figiri: dakika 3 hadi 4.
- Matembele: dakika 4 hadi 5.
- Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba: dakika 4 hadi 5, ikikomaa, ongeza mbili na kijiko cha maji.

Mboga ikiwa ya watu wengi, pika mara mbili. Karai iliyojazwa inakurudisha kwenye kuchemsha.

Kijani kinakwenda wapi?

Rangi ya jani inatokana na klorofili, kitu kinachokamata mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Katikati ya kila chembe yake kuna madini ya magnesi. Jani lina asidi zake pia, zilizotengwa mbali na klorofili. Joto likibomoa kuta za ndani, asidi inaifikia klorofili, inang’oa ile magnesi, na rangi inageuka kuwa ile ya kijani iliyochakaa tunayoijua. Sekunde za mwanzo jani huwa la kijani kikali zaidi kuliko lilivyokuwa bichi, kwa sababu hewa iliyokuwa katikati ya seli imetoka. Ukiona kijani hicho kikali, ujue saa imeanza kuhesabu.

Sasa unaona kwa nini tusifunike: sehemu ya asidi hizo hupanda na mvuke, na kifuniko kinazirudisha chini. Unaona pia kwa nini limao ni la mezani.

Magadi nayo? Ni kweli yanaua asidi na kuacha mboga ya kijani cha kuvutia, na wapishi wa kale waliyatumia kulainisha majani magumu. Lakini yanaharibu vitamini C na vitamini B1, na yanalainisha jani mpaka linakuwa utelezi. Kwa mboga ya dakika tatu hayahitajiki.

Mafuta, damu na chai

Kuna wanaojisifu kwamba mboga yao ni ya kuchemsha tu, bila tone la mafuta, kwa ajili ya afya. Wapunguze sifa. Majani ya kijani yana betakarotini, rangi ya asili ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho na kinga. Betakarotini huyeyuka kwenye mafuta, na bila mafuta kidogo kwenye mlo sehemu kubwa inapita tu. Vijiko viwili kwa watu watatu vinatosha. Karanga zilizotwangwa au tui la nazi vinafanya kazi hiyo hiyo.

Jambo zito zaidi ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Utafiti huo huo ulikuta Iringa, mkoa unaojaza magunia ya mahindi ya nchi hii, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi na mboga peke yake haitaumaliza. Lakini sahani iliyojaa ugali mweupe na kijiko kimoja cha majani yaliyochemshwa mpaka yakaisha ni sehemu ya habari hiyo, na inaniuma kila ninapoiona mbele ya mtoto kwenye mikoa inayolima kila kitu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kijiko kimoja hakifiki hata karibu.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hayanyonywi kirahisi kama ya kwenye nyama. Vitamini C inayasaidia kuingia, na limao la mezani linafanya hivyo mbali na ladha. Chai inafanya kinyume: vitu vinavyoipa ukakasi vinashikana na chuma tumboni na kukizuia. Chai ya rangi juu ya ugali na mboga ni mazoea ya wengi kwenye baridi ya Nyanda za Juu. Isogeze saa moja au mbili mbele, hasa kwa mjamzito na kwa mtoto.

Mboga zisizokubali haraka

Kisamvu. Majani ya muhogo yana kemikali zinazozaa sayanidi, sumu halisi, jani linapovunjwa. Kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu, chombo kikiwa wazi, ndiko kunakoiondoa, na wazee wetu waliliweka sawa jambo hili kabla ya maabara yoyote. Kitunguu saumu kinaingia kwa njia nyingine hapa: hutwangwa kinuni pamoja na majani. Usijaribu kamwe kukaanga kisamvu kibichi kwa dakika tano.

Mnafu na mgagani vina uchungu wake. Desturi ni kuvichemsha kwanza na kumwaga maji, na wengine wanamalizia na maziwa au karanga. Mnafu mchanga wa mbegu zilizoboreshwa una uchungu mdogo. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Tengeru, Arusha, tangu mwaka 1992, kimetumia miaka mingi kuboresha mnafu na mchicha wa Kiafrika. Ukiupata huo, chemsha dakika chache kisha ukaangize na kitunguu saumu kama mboga nyingine.

Majani ya maboga yanataka mikono kabla ya moto. Vunja kikonyo mwishoni, vuta nyuzi kuelekea kwenye jani mpaka zitoke, zungusha, vuta tena. Ukiziacha, zitakukwama kooni. Baada ya hapo yanaiva kwa dakika sita au saba, na yanapendana na kitunguu saumu na karanga kuliko mboga yoyote niijuayo.

Kinachobaki

Chumba kisicho na jokofu hakihifadhi mboga iliyopikwa, zaidi sana kwenye joto la Makongolosi. Pika ya kwisha. Majani mabichi yaliyozidi yafunge, bila kuyaosha, kwenye kitambaa chenye unyevu, uyaweke kwenye chungu kivulini, yatafika asubuhi. Kisha kata, kaanga na kitunguu saumu kilichobaki, pasulia mayai mawili juu yake, funika mara hii mpaka mayai yagande, ule na mkate au kiazi kabla ya kwenda kazini.